Risasi Tano, Tundu Moja

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba hii, wanangu, ni kwamba mama yenu aliniambia nifunge dirisha. Alikuwa ameketi mbele ya mizani yake ya dawa, anapima baruti ya risasi ya tano, na upepo wa ziwa ulikuwa unaingia. "Papa Firmin," akasema, "funga dirisha. Upepo iko inapima pamoja na miye." Nikafunga. Nilipogeuka, alikuwa amelaza kichwa mezani taratibu, kama mtu anayesikiliza mbao, na hakukiinua tena.

Mwaka umepita, na sasa zamu yangu imekaribia. Firmin, kaa hapa. Adélaïde, niinulie mto. Sikilizeni, nami nitasema kwa mpango, maana nimekuwa mkemia miaka thelathini na sitaki kufa ovyo.

Nyumba hii ya mtaa wa Kasha ni yenu wawili, na hati zake anazo tonton wenu, mjomba Alphonse. Hilo limekwisha. Linaloninyima usingizi ni bunduki.

Mnaijua. Mtutu wake ulichongwa na fundi wa Liège kwa vipimo nilivyomwandikia mimi, kitako kilichongwa na Déogratias, seremala wa hapa Bagira, kwa mbao ngumu ya mti wa libuyu, na ni nzito kiasi kwamba haijawahi kuua hata kanga; kazi yake ni kulazwa juu ya mifuko ya mchanga na kutoboa karatasi iliyo mita mia mbele. Watu walipouliza faida yake, mama yenu aliwajibu kwamba wengine wanafuga njiwa.

Mwaka mzima wa kwanza risasi zangu zilitawanyika kama kuku walioona mwewe. Nilikuwa nabadilisha baruti, fataki na urefu wa risasi kwa siku moja, kisha namlaumu fundi. Mama yenu, ambaye kazi yake hospitalini ilikuwa kupima dawa za watoto, alisoma daftari langu akacheka. "Sasa mugonjwa akipona, utajua ni dawa gani ilimuponyesha?" Tangu siku hiyo tulibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Shikeni hilo hata katika ndoa: mkigombana, badilisheni kitu kimoja, mngoje, mtazame.

Yeye akachukua mizani, mimi nikabaki na maganda ya risasi, kuyasafisha, kuyakata yalingane urefu, kuyapanga kwa uzito. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sheria ya meza ilikuwa kutocheka, kwa kuwa pumzi husukuma sahani ya mizani, na aliyeivunja kila mara ni yeye, kwa kumwigiza Isidore, mwenyekiti wa klabu yetu ya shabaha, anavyovuta suruali juu kabla ya kutoa hukumu. Katika daftari mtaona mwandiko wake: "Kicheko cha Papa, miligramu tatu. Tunapima upya."

Jumapili moja ya mwaka 1974, kwenye shimo la zamani la udongo wa matofali, nilipiga risasi tano na zote zikapita tundu moja, lililopanuka kidogo tu, kama tundu la kifungo. Isidore akaichukua karatasi, akavuta suruali.

"Citoyen chimiste, moja imeingia. Zingine ine zimevuka ziwa, zinaomba laissez-passer ya kuingia Rwanda ku Cyangugu."

Klabu nzima ilicheka hadi ikakaa chini, naye akaandika: moja. Mama yenu akachukua kisu, akaenda kuchimba tuta lililo nyuma ya shabaha, akarudi na risasi tano ndani ya pindo la kikwembe alichovaa. "Hesabu, tonton." Isidore akajibu kwamba tuta lile lina risasi za tangu wakati wa Wabelgiji. Na kusema kweli, hapo alikuwa sahihi. Hatukuwa na ushahidi. Ndilo lililoniuma. Nikaacha kumsalimia, na wewe Firmin ukakaa miaka kumi bila parrain wako, yeye aliyekusimamia ubatizo.

Jawabu alilipata mama yenu akimenya ndizi. "Mugomba haina zamani," alisema. Shina bichi la mgomba, lilazwe nyuma ya karatasi kwa urefu, likielekea bunduki: kila risasi itabaki humo, na hakuna ya Mbelgiji. Lakini baruti ilikuwa imekwisha, tukangoja miaka, hadi kopo dogo lilipotufikia kutoka Liège mwaka jana. Kwa baruti hiyo mama yenu alikuwa akijaza zile risasi tano zilizo kwenye sanduku.

Najua mnataka kuziweka kabatini kama ukumbusho. Nakataza.

Bunduki ni ya Adélaïde, mwenye mikono ya mama yake. Kibali kimo katika bahasha ya buluu. Mizani ni ya Firmin. Usininunie, baba, mgomba haushindwi na mkungu wake, nami bado sijashindwa nawe. Unacheka kama yeye, na mizani ile imezoea. Matanga yangu yakiisha, mwiteni Isidore. Adélaïde apige zote tano, na Isidore mwenyewe apasue shina kwa panga lake. Akikuta tano, msimcheke kabla yeye hajacheka. Mpeni kiti na bia ya Primus ya baridi. Akikuta moja, alikuwa na haki, na mwambieni kwamba naomba msamaha. Vyovyote vile, Firmin, urudi nyumbani na parrain wako.

Maji kidogo. Basi.

Mungu awape mikono mitulivu, na nyumba ambamo mizani haitulii kwa vicheko.

Bado moja... Ile ya tano. Asubuhi iliyofuata, kabla wachimba kaburi hawajaja kunywa chai, nilikaa mezani pa mama yenu. Nne zilikuwa tayari. Baruti ya tano ilikuwa bado juu ya sahani, kama alivyoiacha, nisijue kama alikuwa amemaliza kuipima. Dirisha limefungwa. Nikaimimina katika ganda. Nikaifunga risasi.

Sikupima upya.