Mzee Telesphori na Misitu Mitatu ya Nyakasanga

Tarehe 30 Juni 1986, Mzee Telesphori Lukanima atakabidhi sare na buti zake baada ya kuitumikia misitu ya Kisiwa cha Nyakasanga kwa miaka ishirini na minne. Buti tunazipokea kwa heshima. Harufu yake tunaomba aondoke nayo.

Alizaliwa Ushirombo. Mwaka 1962 aliajiriwa kuwa mlinzi wa misitu, akavushwa kwa mtumbwi kutoka Chato huku hajui kuogelea. Hajui mpaka leo.

Kisiwani alikuta misitu mitatu ya asili, kila mmoja akaupa jina. Ule mnene wa mashariki, wenye majani mabichi mwaka mzima, aliuita Kanisani, kwa kuwa humo mtu hushusha sauti bila kuambiwa. Miyombo ya kwenye vilima vya mawe, inayopukutisha majani kiangazi, ikawa Sebuleni. Msitu wa mikindu, kule kwenye majimaji ya ufukweni wanakoshinda viboko, aliuita Kwa Mama Mkwe: huingii kichwakichwa.

Mwaka 1975 ulizuka uvumi Geita kwamba chini ya mikindu ile kuna dhahabu. Asubuhi moja mitumbwi ikashusha wachimbaji wenye sururu na mapanga, wakiongozwa na kijana Cornel Bundala. Sisi walinzi wenzake tulikuwa Chato kununua chumvi. Telesphori alisimama njiani peke yake.

"Jamani, humo hamna dhahabu," aliwaambia. "Humo mna mwenye nyumba."

Walimcheka, wakampita. Walikuwa wameangusha mikindu michache tu mwenye nyumba alipotoka: kiboko jike mwenye mtoto. Wachimbaji walikimbilia mitumbwini, wakapiga makasia bila kumngoja kiongozi wao. Cornel na Telesphori walijikuta juu ya mkuyu mmoja, tena mkuyu wenyewe mwembamba, na kiboko akajilaza chini yake.

Walikaa huko mpaka jua likageuka. Telesphori alitoa matobolwa mfukoni, akamgawia mwenzake viazi hivyo vikavu. Cornel alitafuna, akameza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ungeanza na hiyo asubuhi."

Kiboko alipoondoka, Telesphori hakukimbia. Alikwenda kwenye mikindu iliyokatwa, akaanza kupaka matope kwenye visiki, machozi yakimtoka. Cornel, ambaye mguu wake ulikuwa umeteguka wakati wa kuparamia mkuyu, aliinama akamsaidia. Visiki vingi vilichipua tena.

Tangu siku hiyo Cornel alitangaza kwa wachimbaji, kuanzia Geita mpaka Songwa, kwamba Nyakasanga hakuna dhahabu, kuna hasira tu. Tangazo lile lilifanya kazi kuliko mabango yetu yote.

Telesphori, kapera tuliyekwisha kumkatia tamaa, alikwenda kumjulia hali mgonjwa wa mguu. Akakutana na dada wa Cornel, Paskazia. Mguu ulipona, yeye akaendelea kujulia hali. Leo Paskazia ni mkewe, ndiye Mama Anisia. Mama yake Paskazia alipokuja kututembelea, tulimshuhudia mkwewe akihangaika kumweleza jina la msitu wa mikindu.

Tulipomuuliza zawadi ya kuagia, alitaka kochi la sponji, maana amekalia magogo vya kutosha. Kamati imelisaka mpaka Mwanza, na limepatikana.

Mzee wetu, asante kwa kisiwa chenye kivuli. Likalie kochi lako kwa raha, wewe na Mama Anisia. Mungu awape afya, wajukuu na siku nyingi za kutofanya lolote.