Suzuki Iliyotengenezwa na Fundi Mashua

Kwenye chapa la Namoto, basi dogo la abiria, kijana mmoja alikuwa akimsifia mama wa kiti cha pili Suzuki yake kuukuu, itakayombeba bibi harusi wa Pundanhar Jumamosi. Sakafu ililiwa na kutu, akaipeleka kwa fundi mashua. "Kapiga mbao, kaziba kwa pamba na mafuta ya papa!" Gari la harusi lenye harufu ya papa, jambo hilo sikuwahi kulisikia.

"Sasa, mwanangu, linatembea au linaelea?" mama akamuuliza.

"Kwa matope ya Pundanhar, mama, vyote viwili!"

Chapa zima tukaangua kicheko. Mama hakucheka. "Bibi harusi ni Nazira?"

"Huyo huyo! Unamjua?"

"Nimemzaa mimi. Na breki je?"

Chapa likasimama kituoni. Kijana aliruka chini upesi.

"Breki zinakuja, mama! Fundi anatafuta nanga!"