Mwalimu Futa na Mguu wa Chui

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto. Aliye kwenye usukani apunguze mwendo. Leo tunamkumbuka mwalimu. Alifundisha historia katika shule ya msingi kwa muda mrefu sana, akafundisha watoto, kisha akafundisha watoto wa watoto hao, na wote aliwaambia wachomekee mashati. Alifariki mwezi uliopita, nyumbani, kitandani kwake, redio ikiwa imewashwa. Narudia kwa waliochelewa. Mwalimu wa historia, shule ya msingi, alifariki mwezi uliopita.

Mtangazaji wenu ana huzuni, lakini hasira imeizidi huzuni kimo. Wakubwa wa kituo wameniomba nisitukane mtu hewani. Nimeahidi. Nitaeleza yaliyotokea tu, na matusi kila mtu atajitafutia kimoyomoyo.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Futa. Mimi nilimwita Bibi, kwa sababu ndiye aliyemzaa mama yangu. Ukikosea ubaoni, hakufoka. Alisema "Futa", akakupa dasta, akasubiri. Ukikosea tena, "Futa." Wapo watu wazima wenye vitambi na ofisi zenye mazulia ambao ukiwatamkia neno hilo ghafla, mikono yao inaanza kutafuta dasta.

Sasa sikilizeni habari ya chui, maana bila chui hamtaelewa hasira yangu.

Kuna kasri la kale, mnalijua wote. Lipo kwenye vitabu, lipo kwenye kalenda, lipo kwenye majalada ya madaftari. Ndani ya kasri, kando ya mlango wa ukumbi, kuna chui amechongwa ukutani, usawa wa kifua cha mtu. Kitabu cha historia kina picha yake. Lakini aliyepanga kurasa za kitabu hicho aliikata picha vibaya. Chui ana kichwa, ana mgongo, ana mkia, ana miguu mitatu. Mguu wa mbele wa nne umeishia ukingoni mwa ukurasa. Unaona kabisa kwamba amekanyaga kitu. Huoni amekanyaga nini.

Kila mwaka Bibi alimchora chui huyo ubaoni. Kila mwaka mtoto mmoja alinyoosha mkono.

"Mwalimu, amekanyaga nini?"

"Sijui. Nitakwenda kuona, nitawaambia."

Angeweza kusema nyoka, darasa likaridhika, maisha yakaendelea. Mama yangu, ambaye alisoma darasa la mama yake mwenyewe na akachapwa kama wengine, anasema: "Nilimwambia nyumbani, mama, si useme tu ni jiwe. Akaniuliza, wewe umeliona?" Bibi hakusema asichokijua. Shikeni hapo. Hakusema asichokijua, na hakusema uongo, hata wa kusaidia.

Alipostaafu, macho yakaanza kuondoka. Presha ya macho, daktari alisema. Macho yanafungwa kutoka pembeni kuja katikati, kama pazia la jukwaani. Matone yatachelewesha, hayatazuia. Daktari akamwambia kama kuna kitu anatamani kukiona, akakione sasa. Bibi hakutaja bahari wala theluji. Alisema, "Kuna mguu mmoja wa chui."

Jioni hiyo tulikaa mezani kuchagua tiketi. Mjomba wangu, mtoto wa mwisho wa Bibi, ni fundi simu, kwa hiyo yeye ndiye aliyeshika simu. Wasikilizaji wapendwa, nimesoma shule ya bweni. Nimewahi kuchagua kati ya maharage ya jana na maharage ya juzi. Sijawahi kuona uchaguzi kama ule.

Kulikuwa na Tiketi ya Kawaida. Unaingia mpaka kwenye kamba, na kamba iko mbali na ukuta, upana wa darasa zima. Kulikuwa na Ziara ya Mapambazuko. Unafika kwenye kamba ileile kabla jua halijatoka, ili usichokiona usikione vizuri zaidi. Kulikuwa na Ziara ya Familia, lazima uwe na watoto wawili wafupi kuliko fimbo iliyosimamishwa getini. Mimi nilikuwa nimeshaipita fimbo, nikajitolea kutembea kwa magoti. Na kulikuwa na Ziara ya Dhahabu. Kamba ileile, ila unapewa juisi, mwavuli, na mwongoza wageni mwenye kibendera.

Kupiga picha ndani marufuku. Zile chache zilizopo mtandaoni zimepigwa kwa wizi kutoka kwenye kamba, na mbele ya mguu wa chui, palepale, pamesimama kibao cha chuma. Kibao kimeandikwa: USISOGEE. Walikuwa na ukumbi mzima wa kusimamisha kibao.

Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ilikuwepo Ziara ya Kugusa. Kwa wageni wasioona. Mnavuka kamba, mnafika ukutani, mnagusa.

"Hiyo hapo," Bibi alisema. "Nikisogeza pua mpaka ukutani, nitaona. Bado naona vya karibu."

Mjomba akaiweka simu mezani. "Mama, hiyo ni ya vipofu. Wewe si kipofu."

"Sijasema mimi ni kipofu. Nimesema nataka kufika ukutani."

"Watu watasemaje? Mama wa fundi anapelekwa kwa kushikwa mkono?"

"Watasema mama wa fundi amemwona chui. Kata hiyo."

Mjomba alikata Ziara ya Dhahabu. Alifanya hivyo kwa mapenzi, wasikilizaji, naye amenipa ruhusa ya kulisema hili. Alitaka mama yake apate kilicho bora, na kwenye orodha ile kilicho bora ndicho kilichokuwa na juisi.

Tukaenda. Tulipewa juisi. Tulipewa mwavuli, ingawa tulikuwa ndani ya jengo. Mwenye kibendera akatupeleka mpaka kwenye kamba, akatangaza kwa sauti ya harusi: "Mnamwona chui wa kasri, amekanyaga taji la adui yake." Pembeni yetu kulikuwa na kundi la Tiketi ya Kawaida na mwongozaji wao amechoka. Yeye akasema, "Chui, amekanyaga nyoka, twende."

Bibi akageuka. "Nyoka au taji?"

Mwenye kibendera akainama sikioni mwake. "Mama, nyinyi ni Dhahabu. Nyinyi ni taji."

Nilicheka mpaka mlinzi akanisogelea. Bibi hakucheka. Alisimama ameishika kamba kwa mikono miwili, shingo ameinyoosha, anatafuta ukuta. Nikamuuliza anaona nini. Akasema, "Rangi ya udongo. Udongo mrefu." Kisha akasema, "Nipelekeni dirishani."

Hapa ndipo ninapoomba mnitilie maji.

Kwenye dirisha la tiketi alikaa afisa mmoja. Shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Sitamtaja. Nyumbani kwetu anaitwa Bwana Vigezo, na sasa na kwenu pia. Bibi akamwamkia, akamweleza kila kitu kwa utaratibu, kama anavyofundisha. Ana maradhi ya macho. Mbali haoni, karibu bado. Anaomba Ziara ya Kugusa. Yuko tayari kuvaa glovu, yuko tayari asiguse, asogeze uso tu. Na anaomba sasa kwa sababu mwaka ujao hata vya karibu hataviona.

Bwana Vigezo akasikiliza. Kisha akatoa mkono nje ya dirisha, mbele kabisa ya uso wa Bibi.

"Vidole vingapi?"

Wasikilizaji wapendwa, nilikuwa nyuma yake. Nikamnong'oneza, "Bibi, sema saba."

"Mkono mmoja utatoa wapi saba?"

"Basi sema vinne."

"Ni viwili," Bibi akasema, kwa sauti, kwa afisa.

"Unaona," Bwana Vigezo akasema, akarudisha mkono wake ndani. "Ziara ya Kugusa ni kwa wasioona."

"Baba, kama naona, mbona chui sikumwona?"

"Hiyo ni habari ya kamba, mama. Mimi nashughulikia macho."

"Na kuisogeza kamba anashughulikia nani?"

"Kamba haina mtu."

Mjomba akaingia kati, akaanza kupandisha sauti. Afisa hakupandisha. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Alikuwa mpole. Alisema taratibu, kama mtu anayekufanyia hisani: "Mama, usikate tamaa. Hali ikizidi, rudi. Tutakupokea."

Narudia, kwa walioenda kutazama chungu. Alimwambia hali ikizidi, arudi. Bibi alikuwa anaona kupita kiasi kwa tiketi moja, na haoni vya kutosha kwa tiketi nyingine. Kati ya macho yake na ule mguu kulikuwa na kamba ya katani ambayo mbuzi angeitafuna akaendelea na shughuli zake.

Njiani kurudi Mjomba alimlaumu. "Mama, kidole kimoja tu. Ungeongeza kidole kimoja."

Bibi akasema, "Aliniuliza vingapi. Vilikuwa viwili." Kisha akaongeza, "Nimewakata watoto wa watu maksi kwa jibu kama hilo unalotaka nilitoe."

Mwaka ukapita na pazia likafunga. Kwanza aliacha kusoma magazeti, kisha akaacha kututambua mlangoni mpaka tuseme neno. Mimi niliwahi kuingia nikabadilisha sauti, nikajifanya afisa elimu nimekuja kukagua. Akaniambia, "Afisa, chomekea shati." Sijui alijuaje.

Siku moja wakati wa likizo akasema, "Sasa nimefika. Kata ile ya chini." Mjomba aliikata, akakosea kubonyeza mara mbili, yeye anayefungua simu kwa bisibisi ndogo kama sindano.

Dirishani alikuwa yuleyule. Shati limepigwa pasi. Alimkumbuka Bibi, au alisema anamkumbuka. Akatoa mkono.

"Vidole vingapi?"

"Umenyoosha mkono?" Bibi akauliza. "Sioni."

Bwana Vigezo akagonga muhuri. "Hongera mama. Umekidhi vigezo."

Mjomba alipiga hatua moja kwenda dirishani. Bibi alimshika shati kwa nyuma, akalivuta kama anavyovuta la mwanafunzi. Nami niliahidi kutotukana, kwa hiyo nasogea mbele.

Wakatufungulia kamba. Mama mmoja mwenye sauti ya chini, ndiye anayeongoza wasioona, akaichukua mikono ya Bibi akaiweka kwenye kichwa cha chui. Bibi alianza na masikio. Akashuka mgongoni, akafika mkiani, akarudi. Hakuwa na haraka. Kibao cha USISOGEE sasa kilikuwa nyuma yetu, kimetupa mgongo. Akaufuata mguu wa nne kuteremka, polepole, mpaka vidole vikafika chini ya wayo. Vikasimama.

"Kuna vyumba vyumba," alisema. "Ni gamba hili." Akazunguka na kidole gumba. "Na hapa pana shingo." Akaanza kucheka. Hata kwenye harusi ya Mjomba sikumsikia akicheka hivyo. "Ni kobe. Amemkanyaga kobe, na kobe hata kichwa hakuingiza ndani."

Hakuna nyoka. Hakuna taji. Kobe.

Kisha kicheko kikaisha. Akaniita kwa kunipapasa bega. "Macho ya kobe yako wazi au yamefumba? Kwa vidole sipati, pamelika."

Niliinama, pua ikagusa jiwe. Yako wazi, nikamwambia. Anamtazama chui usoni.

"Una uhakika?"

"Nimeona, Bibi."

Akatikisa kichwa. "Mwaka jana ningeona mwenyewe," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Hilo tu ndilo alilosema kuhusu mwaka jana, hakurudia tena. Ninarudia mimi, kwa niaba yake. Mwaka jana angeona mwenyewe.

Miezi iliyobaki aliitumia kulipa ahadi. Alituma salamu, na wanafunzi wake wa zamani wakaja. Fundi seremala mmoja, ndevu nyeupe, alikaa kwenye kochi letu na kofia mapajani. Bibi akamwuliza alikuwa dawati la ngapi. Akasema la nyuma, dirishani. "Basi wewe ndiye uliyeuliza mwaka wenu," Bibi akamwambia. "Ni kobe." Seremala alitoka nje akakaa kwenye ngazi muda mrefu. Mama alipompelekea chai alisema, "Nilijua atakuja kutuambia. Nilijua tu."

Wasikilizaji wapendwa, mwalimu huyo ametutoka. Kwa mama yangu, kwa Mjomba ambaye hadi sasa anaona kosa ni lake, ingawa si lake, kwa wanafunzi wote waliowahi kushika dasta yake, kituo kinatoa pole, na mimi natoa yangu. Pole pia kwa Bwana Vigezo. Siku moja naye atafika kwenye dirisha la mtu mwingine, na naomba kwa dhati amkute mwenye akili.

Kamba bado ipo palepale. Nilipiga simu jana kuuliza. Wakaniuliza kama ninataka Dhahabu.

Sasa nina ombi. Nimemwomba mkuu wa kituo dakika nzima ya ukimya. Amekataa, anasema redio ikinyamaza watu wanahamia kituo kingine. Tumekubaliana nusu. Katika nusu hiyo, mfikirieni mtu mmoja nyumbani kwenu ambaye kuna kitu anataka kukiona, na mmekuwa mkimwambia asubiri. Mtajieni siku. Si mwaka, siku.

Tunanyamaza. Msiguse redio, haijaharibika.