Binti Aliyeitwa Chura

Kona ya kahawa ya Dada Hanh, hapa Can Tho, Vietnam, ina vigoda vya plastiki vifupi, ukikaa magoti yanakugusa kidevu. Jumamosi ile Khoa, fundi pikipiki, alikaa bila kuigusa kahawa yake. Binti yake Diep, wa miaka kumi na tano, amegoma kwenda shule tangu Jumatano, baba yake alipompelekea koti la mvua na kumwita pale getini kwa jina la nyumbani: Chura. Shule nzima ilicheka. Kwetu mtoto mchanga hupewa jina baya ili pepo asimtamani, akikua linaachwa. Khoa hakuliacha.

— Mnawadekeza, alisema Profesa, kinyozi mstaafu. Mimi baba aliniita Mavi ya Nyati, na nimekua ngangari.

— Ngangari wapi? Mkeo akikohoa tu unaficha sigara, alisema Sauti, muuza tiketi za bahati nasibu.

— Hiyo ni heshima, bwana.

— Haya. Mi nasema tatizo ni simu. Mtoto anajipiga picha mia, anajiona mbaya mara mia.

— Tatizo ni maziwa ya kopo. Aliyelelewa na ng'ombe wa Ulaya hawezi utani wa hapa.

— Basi Khoa, we mwite Simba. Mwakani ni waziri huyo.

— Na pepo je? Khoa aliuliza taratibu. Nilishazika mtoto mmoja kabla yake.

Kusema kweli niliona aibu kwa utani wetu.

Bi Tuyet, mshonaji aliyehamia mtaani juzi, alikuwa amesimama akingoja kahawa ya barafu.

— Samahani kaka, hivi akifanya vizuri huwa unamwambiaje?

Profesa akatazama barabara. Mimi mwenye watoto watatu nikainamia glasi yangu.

Khoa akainuka, akavuka barabara hadi nyumbani kwake, akasimama chini ya dirisha la bintiye.

— Diep.

Jina lilimtoka kwa shida, kama la mgeni.

— Zile mbio zenu za shule, nilikuja. Nilijificha nyuma ya muuza miwa. Ulikimbia vizuri, mwanangu. Nilifurahi sana.

Kisha dirisha likafunguka kidogo.

— Baba, punguza sauti. Watu wanasikia.

— Wasikie tu, alisema Khoa. Na pepo naye asikie.