Akina Baba Jumanne, Akina Mama Alhamisi

Mgeni rasmi, wakuu wa ofisi hii ya matunzo ya watoto, na wazazi wenzetu mliosimama nje kwa kuwa viti vya humu ndani vimebandikwa majina ya wengine:

Sisi ni wazazi tulioachana. Tupo tunaodai matunzo ya watoto wetu, tupo tunaodaiwa. Tunakukaribisha katika chumba hiki kipya cha kusubiria ulichokuja kukifungua. Viti ni vizuri. Tuliomba haki itembee haraka, tukaletewa pa kukalia.

Wewe ni mgeni wetu wa nne. Wa kwanza alituletea kompyuta. Ipo, imefunikwa kitambaa. Wa pili alituambia tuvumiliane. Wa tatu alimtuma msaidizi wake, akasoma hotuba ile ile ya wa kwanza, na makosa yake yote. Hatusahau, mgeni rasmi. Anayesubirishwa ana muda mwingi wa kukumbuka.

HISTORIA YETU

Ofisi hii ina utaratibu wake. Akina baba huhudumiwa Jumanne, chumba namba nne. Akina mama Alhamisi, chumba namba saba. Tuliambiwa ni ili tusigombane koridoni. Karatasi za chumba kimoja zilipelekwa kingine na tarishi, mzee aliyekuwa akichechemea lakini hakuwahi kupoteza hata bahasha. Akastaafu. Hakuletwa mwingine. Kati ya vyumba hivyo viwili ni hatua kumi na tisa, tumezipima. Kwa miaka miwili hakuna karatasi iliyozivuka.

Basi baba anakwenda Jumanne, analipa, anapewa stakabadhi. Mama anakuja Alhamisi, anaambiwa, "Baba mtoto hajaleta kitu." Mama anarudi nyumbani na maneno hayo, na watoto wana masikio.

Mwaka jana ofisi ilipakwa rangi, tukaitwa wote siku moja, Jumatano, uani. Mimi ninayekusomea ni fundi cherehani. Pale uani nikamwona mzazi mwenzangu, fundi wa kuchomelea mageti, nikamvaa mzimamzima.

"Wewe baba jina, umefuata nini? Umekuja kuhesabu tuliobaki hai?"

"Mama mtoto, punguza sauti. Nimekuja kulipa, kama kila mwezi."

"Unalipa mawe?"

Akatoa mfuko wa plastiki umejaa stakabadhi, zote zina muhuri wa ofisi hii. Bibi mmoja anayelea wajukuu wawili akavaa miwani, akazipekua moja moja. Kisha akasema, "Wanangu, mmelishwa matango pori, na mkashiba."

Siku hiyo mifuko ya plastiki ilitoka mingi. Hapo ndipo kikundi kilipozaliwa, tukajiita kwa jina la siku yenyewe.

TULICHOFANIKIWA

Ni kichache. Tulianza kuzibeba karatasi wenyewe kutoka chumba hadi chumba. Mafaili kumi na moja yakanyooka, kisha mlinzi akaamriwa atuzuie. Karani alipoulizwa fedha zetu ziko wapi alijibu, "Ziko salama, ila hazijaoanishwa na mafaili." Yule bibi akamwuliza, "Ziko salama kutoka kwa nani, mjukuu wangu? Kwa watoto?"

Hatusemi kila baba analipa. Wapo wanaobadilisha namba ya simu kama shati. Hao hatuwatetei, na akina baba wa kikundi chetu ndio wa kwanza kuwasema. Lakini ofisi isiyojua nani kalipa, itamjuaje asiyelipa?

YANAYOTUUMIZA

Risala hii tulitakiwa tuilete mapema ikapitiwe. Ikarudi bila ukurasa wa tatu. Tumeuandika upya kwa mkono, na ndio huu.

Jumatatu ya wiki iliyopita yule fundi wa mageti, ambaye ni katibu wetu na ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya maneno haya, alikamatwa karakanani, miwani ya kuchomelea bado iko usoni. Yuko ndani mpaka leo. Kosa: kutolipa matunzo. Mlalamikaji kwenye hati ya kumkamata ni mimi.

Ni kweli, nilishtaki, mwaka juzi, kabla sijaziona stakabadhi. Tangu siku ile ya uani nimehangaika kulifuta shtaka. Alhamisi naambiwa, "Kufuta ni kwa afisa wa madai, naye anakaa Jumanne." Nikija Jumanne, mlinzi ananiambia, "Mama, leo ni zamu ya akina baba. Usinifukuzishe kazi." Simlaumu, naye ana watoto. Mwenzangu alipopeleka stakabadhi zake mwenyewe, aliambiwa hati imeshatoka, na anayeweza kuirudisha ni mlalamikaji peke yake.

Binti yetu ana miaka kumi na minne. Mwaka juzi baba yake alimpelekea viatu shuleni. Mtoto akasema mbele ya darasa zima, "Huyo mimi simjui." Maneno yale aliyatoa kinywani mwangu, mgeni rasmi, mimi niliyeyatoa dirishani hapa. Juzi ameniuliza, "Mama, nikamwombe msamaha wapi? Jela wanaruhusu watoto?"

Swali hilo nimekuletea wewe.

TUNACHOOMBA

Tunaomba tarishi mmoja. Tunaomba baba na mama waitwe siku moja. Tutagombana kidogo, tutachoka, tutanyamaza. Viti mnaweza kuvichukua.

Ombi la tatu ni la sasa hivi. Leo ni Jumanne. Akina mama tumeruhusiwa kuvuka mlango ili tukupokee wewe kwa nyimbo. Afisa wa madai ameketi safu ya pili nyuma yako, mwenye koti la kijivu. Barua yangu ya kufuta shtaka ninayo mkononi, imebanwa pamoja na stakabadhi ishirini na mbili za mwenzangu. Nikimaliza kusoma sitarudi nilikotoka, nitampelekea pale pale alipo. Sisi tunakuomba ugeuke tu, umtazame akiipokea. Na kama jibu lake ni kwamba nije Alhamisi, tunaomba apewe kipaza sauti.

Mwenyezi Mungu akulindie wanao, wasijue kamwe rangi ya dirisha la ofisi hii. Akupe afya, akupe safari njema, na kabla ya safari akupe neno moja la kweli la kutuambia.

Ni sisi, wazazi wa Kikundi cha Jumatano, tuliomo humu na aliyeko ndani.