Mama Wynelle Aliwataja Kumi

Wasikilizaji wapendwa, saa tatu asubuhi ya Jumamosi imefika, na kiti kilicho mbele yangu hakina mtu. Kipaza sauti chake nimekiacha pale pale. Sikukisogeza.

Leo tunamkumbuka Mama Wynelle Gathright. Wynelle Gathright, wa hapa hapa Marbury. Amezaliwa Marbury, amesomesha watoto wa Marbury, amefia Marbury, Alhamisi ya wiki iliyopita. Tulimzika Jumatano hii. Na jioni ya leo timu yetu, Dubu wa Chuo cha Marbury, wanacheza mpira wa Kimarekani na mahasimu wetu, Chuo cha Ketchum. Nadhani hata yeye asingechagua kuondoka wakati huu.

Mnamjua, lakini acha niseme. Kwa zaidi ya miaka ishirini mama huyu alikuwa anakuja studio hii kabla ya msimu kutuchambulia ulinzi wa Dubu. Ulinzi tu. Ukimwuliza habari za wafungaji, anakutazama kama umemwuliza bei ya soksi zake.

"Kufunga ni maonyesho," alikuwa anasema. "Mimi nataka kujua nani anafunga mlango."

Na alikuwa anawataja walinzi wote kumi na mmoja, kikosi kizima kinachoingia wapinzani wakishika mpira, mmoja mmoja, kwa majina aliyowapa mwenyewe. Wale wanene wawili wa mstari wa mbele aliwaita Friji na Kabati. "Friji ukimsukuma anahama kidogo," akasema mwaka jana. "Kabati hahami, ila viatu vyake vinanuka, nimewahi kumpa lifti." Kabati mwenyewe alipiga simu studio akicheka mpaka akakohoa.

Lakini moyo wake ulikuwa katikati. Mlinzi wa katikati, yule anayesimama nyuma ya wanene, anayewapigia wenzake kelele nani aende wapi. Mama Wynelle alikuwa anasema huyo ndiye mwenye nyumba. Huyo akiondoka, watu wanapita na mpira kana kwamba wanakwenda sokoni.

Na wasikilizaji wapendwa, kwa miaka mitatu aliyesimama katikati alikuwa Deshon Mabry.

Mnajua desturi ya kanisa letu la Hebroni. Mchezaji mgeni akija chuoni, kanisa linampa mama. Jumapili baada ya ibada anakwenda kula kwa mama huyo. Siku ya kuzaliwa kwake, keki inatoka kwa mama huyo. Akiumia goti, mama huyo ndiye wa kwanza hospitali. Mama Wynelle alilea vijana wengi namna hiyo. Wengine sasa wana vipara. Deshon ndiye alikuwa wa mwisho.

Alikuja kutoka mji wa Mobile, mwembamba, asiyekula bamia. Bintiye Mama Wynelle, Renada, anakumbuka Jumapili ya kwanza. Mama alimwekea kunde, kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi, na bamia.

"Mama, bamia sijazizoea," kijana akasema.

"Kwani mimi nilikuzoea wewe? Kula."

Akala. Akaongezwa. Kufika Krismasi alikuwa anazifuata mwenyewe jikoni, anachota kwenye sufuria kabla ya watu kukaa, na mama anamchapa mkono kwa mwiko. Renada anasema, "Mimi mwanawe wa kuzaa sikuwahi kuruhusiwa kugusa sufuria ile."

Sasa twende kwenye mwezi wa nne wa mwaka huu.

Mnakumbuka dirisha la uhamisho. Siku hizi mchezaji anaweza kufunga virago akaenda chuo kingine na msimu unaofuata akacheza. Ndiyo sheria, hakuna anayebisha. Tukawa tunasikia minong'ono kwamba Ketchum wanamtaka Deshon, kwamba wamemwahidi vinono. Ketchum! Mama Wynelle hakuwa mtu wa kunong'ona. Jumapili ya Pasaka, mezani, mbele ya mchungaji na Renada, alimwuliza wazi.

"Deshon, unaondoka?"

"Siendi popote, Mama Wynelle."

"Niangalie usoni."

"Siendi popote. Mwaka wangu wa mwisho nacheza hapa. Na wewe utanitaja redioni kama kawaida."

Mama akamkatia pai ya pichi kipande kikubwa kuliko cha mchungaji. Mchungaji analikumbuka hilo mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ile mechi ya majira ya kuchipua, Dubu wanapocheza wenyewe kwa wenyewe, na kwa kawaida asubuhi yake mama alikuwa anatupa uchambuzi wa kwanza. Alikaa pale. Nguo ya kijani, rangi yetu, na kofia ya kanisani. Aliwapitia wa mbele haraka haraka. Wa nyuma akawagusa tu. Kisha akafika katikati, akavua miwani.

"Huyu sasa," akasema. "Mtu huyu wamemfuata na mapesa na ahadi. Amekataa. Ameniambia mimi, mezani kwangu, kunde zangu zingali mdomoni. Katika dunia hii ya leo, kijana anayeshika neno lake! Ketchum wakija hapa mwezi wa tisa watamkuta katikati, na watajuta kuzaliwa."

Alisema hayo hewani. Mlisikia nyote. Mimi nilimpigia makofi.

Akatoka nje akaenda kwa Harlan Tubb, anayechoma nyama kando ya uwanja, kununua mbavu kama ada yake. Harlan akamfungia mbavu, akakataa malipo, akavua kofia.

"Pole sana, dada Wynelle."

"Pole ya nini?"

"Ya Deshon."

"Ameumia?"

Harlan akaanza kujiumauma. "Dada... mimi nilidhani unajua. Ameshaondoka. Tangu katikati ya wiki yuko Ketchum. Watu wa kanisani wanajua tangu Jumatano. Tulipokusikia redioni tukasema labda... labda unajikaza."

Watu wa kanisani walikuwa wanajua tangu Jumatano. Narudia, kwa sababu mama mwenyewe alilirudia mpaka mwisho. Kwaya ilijua. Mchungaji alijua. Na Renada, bintiye wa kumzaa, alijua. Deshon alimpigia simu yeye, akamwomba amtafutie njia ya kumwambia mama. Renada ameniruhusu niseme haya, na alilia aliponiambia.

"Nilitaka afurahie asubuhi yake," alisema. "Alikuwa ameshapiga pasi ile nguo ya kijani. Nikasema nitamwambia akirudi."

Mama Wynelle aliziacha mbavu pale pale juu ya meza. Akaenda nyumbani kwa miguu, na kofia yake, katikati ya watu wanaokwenda uwanjani wanampungia mkono, "Mama, umetisha leo redioni!" Hebu fikirieni mwendo ule.

Deshon alimtumia ujumbe wa simu jioni ile. Uliandikwa hivi: "Samahani Mama W. Usichukulie vibaya, ni biashara tu." Naye akajibu: "Kwangu ulikuwa unakula. Hukuwa unafanya biashara."

Hawakuandikiana tena.

Wasikilizaji wapendwa, kuna watu walisema mama huyu alizidisha. Mtoto wa watu ametafuta riziki, kuna ubaya gani? Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo mwezi wa saba, barazani kwake, tukinywa chai baridi. Alinigeukia nikatamani glasi inifiche.

"Nani kakwambia nimekasirika kwa kuwa ameondoka?" akasema. "Wameondoka wengi. Yule wa Tulsa aliondoka, nilimfungia kuku wa njiani. Huyu aliniangalia usoni. Aliniangalia usoni akala pai yangu, na begi lake tayari liko kwenye gari. Halafu nyie wote mkaniacha nikajisifu hewani kama punguani. Nimegeukwa, bwana. Nimegeukwa na meza nzima."

Nikamjazia glasi yake.

Mwezi wa nane alikuja. Tulidhani hatakuja. Moyo ulikuwa unamsumbua tangu zamani, na sasa alikuwa anatembea na mkongojo. Nguo ya kijani, kofia ya kanisani. Akaketi. Akamtaja Friji. Akamtaja Kabati. Akawataja wawili wa pembeni, na wale wawili waliobaki wa safu ya pili, na wanne wa nyuma, kila mmoja na kasoro yake. Kisha akachukua mkongojo wake.

"Mama," nikamwambia, "hao ni kumi."

"Najua kuhesabu. Nilifundisha hesabu."

"Kocha amemweka yule kijana mpya katikati."

"Kocha ana wake. Mimi wangu ni kumi. Pale katikati pana jina la mtu, na mwenye jina kaenda nalo. Siweki mtu mwingine nikaja nikachekwa tena."

Akainuka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho sauti yake kusikika hapa.

Renada ameniomba niwaambie jambo moja, nami nalisema kama alivyolisema: "Msiseme Deshon kamuua mama. Moyo wake ulikuwa mbovu. Ila alimuumiza, na sisi tukamsaidia kumuumiza. Hilo semeni."

Tuje kwenye mazishi. Mama alishampa Renada maagizo, hospitali, sauti ikiwa imekaribia kukatika. Jeneza libebwe na wanawe wa mezani. Watu sita, watatu kila upande. Akawataja watano.

"Na wa sita, mama? Kushoto, pale katikati?"

"Paache wazi."

"Nimwite Deshon?"

"Usimwite. Nimemwita mezani miaka mitatu, inatosha. Akija mwenyewe akashika, mwacheni ashike. Asiposhika, msiweke mtu."

Kwa hiyo Jumatano, wasikilizaji wapendwa, wanaume watano walilibeba jeneza la Mama Wynelle kutoka Hebroni. Kulia watatu. Kushoto mmoja mbele na mmoja nyuma, na katikati mpini mtupu. Kabati alikuwepo mle kanisani, mtu wa kuinua gari, ameshapiga hatua kwenda kusaidia. Renada akamtikisia kichwa.

Na Deshon alikuja. Ndiyo, alikuja. Alisimama mlangoni, suti nyeusi, analia waziwazi. Watu wote tulimwona. Jeneza likamfikia, limelalia kushoto, na wale watano wakapunguza mwendo. Hawakukubaliana, walipunguza tu. Mpini ulikuwa mbele ya kifua chake. Renada akasimama. Kwaya ikanyamaza. Hata mimi nilijikuta nasema kimoyomoyo, shika, mwanangu, shika.

Akatazama chini.

Basi wakaendelea. Baadaye Harlan alimfuata akamwuliza kulikoni. Akasema, "Nilidhani asingenitaka."

Kwa familia ya Gathright, kwa dada yetu Renada, kwa wanawe wote wa mezani popote mlipo: poleni sana. Sisi wa redio hii tunalia nanyi. Mungu amlaze mama mahali pema, na huko ampe mtu wa kubishana naye.

Jioni ya leo Deshon ataingia uwanja wetu amevaa rangi ya machungwa ya Ketchum. Mkitaka kuzomea, zomeeni, mama mwenyewe angekuwa wa kwanza kusimama. Lakini kabla hamjafungua midomo, kila mmoja wetu ajiulize: ni nani leo amepiga pasi nguo yake, anajiandaa kujisifu mbele za watu, na mimi ninajua habari ambayo sijamwambia?

Maana mimi bado naisikia ile hatua ya watu watano kwenye ngazi za Hebroni. Jeneza lilikwenda hivyo hivyo mpaka kaburini, limelalia kushoto, na hakuna aliyelisawazisha.