Mlango Uliolala

Nianze na kosa langu, maana Mungu ameshaliona: leo asubuhi nilimsingizia binti yangu mbele ya watu. Mimi ni seremala. Yeye ndiye aliyeandika programu inayoiongoza mashine yetu ya kukata mbao. Unaipa vipimo, inakata. Nikaipa vya mlango wa chumba cha mama mkwe, anayehamia kwetu leo. Ukatoka mlango mpana kama kitanda, mfupi wa kunifika kiunoni! Nikauegemeza kwenye benchi letu la kahawa, nikatangaza, “Programu ya huyu mtoto ni mbovu!”

Cheche, mchomelea vyuma, alicheka hadi kahawa ikampalia.

— Mzee, mlango au meza?

— Baba, uliandika nini? binti akauliza.

— Kata mlango: mia mbili, themanini.

— Ya kwanza ni upana, baba.

— Tangu lini? Seremala huanza na urefu!

— Basi nitabadilisha. Lugha ya programu yenyewe inaruhusu kila namba iandikwe na jina lake: urefu mia mbili, upana themanini. Uanze na lolote, sawa tu. Namba tupu nitazikataa.

Cheche akaruka.

— Usithubutu! Kuandika kote huko? Fundi anayejua kazi hahitaji majina. Mimi hata wanangu nawaita kwa namba. Wa tatu, njoo!

— Ndiyo maana juzi akanyolewa wa nne, akasema Mama Birika, mwenye kahawa. Na hapa huwa unaniagiza “mbili, moja”. Unajua ninachokutilia? Tangawizi mbili, sukari moja.

Cheche akakitazama kikombe.

— Kumbe ni wewe! Mwaka mzima kifua kinaniwaka!

— Subiri harusi! binti akaongeza. “Nawaunganisha wa kwanza na wa pili.” Msimamizi wa bibi harusi akisogea mbele kidogo tu, bwana harusi kaoa shemeji yake!

— Na hospitali! nikadakia, nimeshasahau hasira. Daktari kaandikiwa “jino, mguu”. Ang'oe kipi, afunge plasta wapi?

Binti alicheka mpaka akaukalia mlango. Hapo mama mkwe akatokea na begi lake.

— Shikamoo, mama, tukasema wote.

— Marahaba. Huo ndio mlango wangu? Mbona hamuusimamishi?

Asubuhi nzima, hakuna aliyewaza hilo. Tukaubeba mbio, tukausimamisha penye fremu ya chumba chake. Ukaenea sawasawa! Cheche akapiga vigelegele kama mama wa bibi harusi. Kisha tukaliona tundu la kitasa. Mashine ilikuwa imelitoboa katikati ya ubavu. Sasa ubavu ule ulikuwa umegusa sakafu.

Mama mkwe akainama, akachungulia, akanyooka polepole.

— Mkwe wangu, usiku nitafunga kwa kidole gumba cha mguu?

Cheche akaangalia juu. Mama Birika akatikisa birika, tupu.

Nikamgeukia binti.

— Mwanangu, nilikusingizia. Nisamehe. Weka hayo majina, ukate mwingine kabla bibi yako hajalala.